Aliyezama na Kilichozama

Mwenyekiti wa kijiji alipokuja kuniomba niwe mkalimani wa wageni wa ziwani, nilipaswa kumjibu kwamba siwezi. Sababu nilikuwa nazo. Goti la kushoto lilikuwa limevimba kwa baridi, njia ya kushuka ziwani ilikuwa inateleza, na zaidi ya yote, ndani ya nyumba yangu ziwa lile lilikuwa halitajwi. Lakini alikuja asubuhi mvua ikinyesha, akaukunja mwavuli wake barazani kwa adabu, akaniambia wageni wanataka mtu anayejua Kiswahili cha vitabuni, Kiingereza kidogo, na Kinyakyusa cha wazee, na kwamba mtu wa namna hiyo kijiji kizima ni mimi. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa kituo cha kununulia majani ya chai. Tangu nistaafu hakuna aliyenihitaji kwa lolote, isipokuwa kusoma matangazo kanisani pale msomaji mwenyewe alipougua. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kikombe chake.

Mke wangu alikuwa jikoni akimenya ndizi. Aliyasikia yote. Hakusema neno, na mimi nilichukulia kwamba amekubali.

Wageni walikuwa watatu: Wazungu wawili wa makamo, na binti wa Kitanzania kutoka Tanga, mhadhiri wa chuo kikuu. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao, ingawa kijijini watu walimdhania mpishi mpaka walipomwona akiwafokea Wazungu kwa kulegeza kamba. Walipanga gesti Makandana. Siku ya kwanza alinitumia bodaboda nikaenda huko, ili, kama alivyosema, nikijue kwanza kitu ninachokwenda kukisemea.

Juu ya meza ya chakula alikuwa ameweka hadubini. Akaniambia, "Baba, kabla sijakuonyesha cha hapa kwenu, ngoja nikuonyeshe cha mbali."

Alichukua kipande cha kioo chenye vumbi jeupe, kiasi cha unga unaobaki kidoleni mwa mtu aliyesonga ugali. Vumbi hilo, alisema, lilitoka kwenye sakafu ya bahari kuu, kule ambako mwanga haufiki. Niliinama nikachungulia. Halikuwa vumbi. Yalikuwa magamba: mengine yamejikunja kama nyumba ya konokono, mengine yameshikamana kama bisi, yote yametobolewa vitundu vidogo kama chekeche. Alinieleza kwamba kila gamba lilikuwa nyumba ya kiumbe cha chembe moja kilichoishi majini, kikafa, na nyumba yake ikashuka polepole mpaka chini kabisa, ikatua juu ya zilizotangulia. Viumbe vingine vinapenda maji ya baridi, vingine ya vuguvugu, kwa hiyo ukiona aina moja inapungua na nyingine inaongezeka kadiri unavyochimba, unajua bahari ilibadilika. Tena gamba hutengenezwa kwa maji yale yale ambamo kiumbe kiliishi, na alama ya maji hayo hubaki ndani yake, kiasi kwamba mwenye kujua kulipima anaweza kusema kama zamani hizo barafu ya dunia ilikuwa kubwa au ndogo. Ndivyo ilivyojulikana kwamba barafu ilikuja ikaondoka, ikaja tena, kabla hajawapo mtu wa kulalamika baridi.

"Kwa hiyo hivi ni visukuku," nikasema. Neno hilo nilikuwa nimelisoma sekondari na sikuwahi kupata mahali pa kulitumia.

"Visukuku, baba. Kumbe umesoma."

Nisingependa kukumbuka jinsi nilivyofurahi.

Kisha akanionyesha cha kwetu, tope kidogo lililokwishachukuliwa ukingoni mwa ziwa kwa majaribio. Humo hamkuwa na magamba ya chokaa bali mwani mdogo unaojijengea nyumba za kioo, nyingine ndefu kama mitumbwi, nyingine mviringo kama visahani. Mwendo ni ule ule, alisema, wa bahari kuu na wa ziwa letu: kinaishi, kinakufa, kinashuka, kinafunikwa. Kwa kuwa ziwa letu lilitokana na volkeno, ni shimo lenye kina, halina mto mkubwa wa kulivuruga, tope lake limelala kwa utulivu miaka elfu nyingi. Alitaka kujua mvua za Rungwe zilikatika lini zamani, na ziwa lilishuka kiasi gani.

Niliporudi nyumbani juu ya bodaboda kulikuwa na manyunyu. Niliyatazama yanavyoshuka juu ya mashamba ya chai bila sauti, nikawaza yale magamba. Sijaweza tena kuyaona manyunyu kama nilivyoyaona zamani. Siku hizi nikikaa barazani na ukungu ukateremka kutoka mlimani, huona kitu kinachotua, na mimi niko chini yake.

Mkutano wa kijiji ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, wazee wamejibana kwenye madawati ya watoto. Binti yule alieleza kwa Kiswahili chake cha pwani, kizuri na cha haraka, na vijana walielewa. Wazee walinitazama mimi. Mzee mmoja, jirani yangu tangu utoto, akasema wameelewa kwamba wageni wanataka kuchota tope. Hawajaelewa ndani ya tope kuna nini. Wasije wakawa wanatafuta madini.

Hapo ndipo nilipokwama. Kinyakyusa nilicholelewa nacho hakikuwa na neno la kisukuku. Ningeweza kusema ni magamba ya wadudu waliokufa zamani. Ningeweza kusema sijui jina lake, ngojeni nieleze. Lakini mbele yangu walikaa watu niliowapimia chai miaka yote na kuwaandikia kilo zao, watu waliozoea kwamba karani hasiti. Sikutaka kusita. Nikasema wageni wanatafuta abasyuka wadogo wadogo waliolala kwenye tope, ili wawaeleze habari za mvua za kale.

Kwa asiye wa kwetu, abasyuka ni wale waliokufa wakashuka chini. Bado wanatuona, wanakasirika, wanapoa, na wazee wetu walisema mvua wameishika wao. Sisi wa kanisani tunasema hatuwaamini, lakini jina lao hatulitamki ovyo.

Halafu jirani yangu akasema, "Basi wakiwapata, wawaulize kwa nini mwaka jana mahindi yangu waliyaacha yakauke na ya huyu hapa yakastawi, na wakati mchawi ni yeye." Watu wakacheka, huyo aliyesemwa akacheka kuliko wote, na kibali kikapita. Binti akaninong'oneza, nimewaambiaje hata wakafurahi hivyo? Nikamjibu kwamba nimewaambia ni viumbe vya kale. Ilikuwa kweli nusu, na nilijua ni nusu.

Mke wangu alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango, pamoja na wanawake wengine. Yeye hakucheka. Alikuwa ameushika ukingo wa kitenge chake kwa vidole viwili na ananitazama kama mtu aliyeitwa.

Sasa ni lazima niseme habari ya binti yetu wa kwanza. Alizama katika ziwa lile akiwa bado shule ya msingi. Alishuka na wenzake kufua, jiwe likateleza. Wanaume waliogelea, wakafunga kamba, wakakokota matawi yenye miiba chini ya maji. Ziwa lina kina kirefu kuanzia ukingoni. Hakupatikana. Tulikaa msiba bila kaburi, na ndugu zangu waliposema turudishe turubai tumalize, mke wangu alikataa kuoga maji ya kumaliza msiba. Alisema mtu asiyezikwa hajaisha kuliliwa. Wakaondoka mmoja mmoja, na msiba wake haukufungwa. Tulipata watoto wengine, wakakua, wakaenda Mbeya na kwingine. Watu walianza kutuita kwa jina la mtoto wa pili. Mke wangu aliendelea kuniita baba wa yule wa kwanza, kila siku, mezani, shambani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Lakini ziwani hakushuka tena.

Tuliporudi kutoka mkutanoni aliweka sufuria la ndizi za mbalaga motoni, akaniuliza bila kugeuka.

"Wanawatoa?"

"Wanatoa nini?"

"Ulichosema. Wanawatoa juu?"

"Wanatoa tope."

"Na waliomo?"

"Wanatoa kinachopatikana," nikasema, nikaenda kulisha ng'ombe ambaye alikwisha kulishwa.

Palikuwa na nafasi pale ya kusema nimekosea neno. Ingechukua muda mfupi kuliko ndizi kuiva. Nilijiambia kwamba mwanamke mwenye akili kama yeye ameelewa, na kwamba kulisahihisha ni kufungua habari ambayo tulikuwa tumeifunika kwa miaka. Nadhani ukweli ni kwamba niliona aibu, basi.

Wageni walitengeneza chelezo kwa mapipa na mbao, wakakielekeza katikati ya ziwa, wakawa wanashindilia mabomba marefu chini na kuyavuta yakiwa yamejaa tope. Wakayafikisha ukingoni, wakayafunga na kuyaandika namba. Watu walikuja kutazama siku mbili za mwanzo wakachoka, kwa sababu tope ni tope. Baadaye wageni walisogeza chelezo upande wa mawe, chini ya miteremko ya migomba, ili walinganishe. Siku hiyo mke wangu alishuka.

Nilimwona akija kwa ile njia, anashikashika nyasi, amevaa viatu vya kanisani. Kwapani alikuwa na kitenge kipya, kingali na mikunjo ya dukani. Sikumwuliza ni cha nini. Mtu yeyote wa kwetu angejua ni cha kumfunika anayezikwa.

Binti mtafiti alimpokea kwa heshima, akampigia goti, akamwambia, "Karibu mama, njoo uone." Bomba moja lilikuwa limepasuka wakati wa kuvutwa, kwa hiyo walilifungua pale pale kwa urefu. Tope lilikuwa na mistari: mweusi, wa kijivu, mwembamba wa kahawia, kisha utepe mmoja mweupe uliokwaruza kidole, ambao binti alisema ni majivu ya mlima, siku mlima ulipotema moto. Alieleza kwamba kila mstari ni wakati wake, na walio juu ni wa karibuni. Mke wangu alisikiliza. Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri, ila kukisema mbele ya wasomi aliona haya. Akanigeukia, akaniambia kwa Kinyakyusa nimwulize huyu mtoto swali moja: aliyezama zamani, bado yupo?

Mimi nikageuka nikasema kwa Kiingereza, ili mke wangu asielewe, kwamba mama anauliza kama kilichozama zamani bado kipo.

Hiyo ndiyo tofauti. Aliyezama, kilichozama. Nilimtoa mtu nikaweka kitu, kwa sababu nilijua nikimweka mtu kazi ingesimama pale pale, binti angeniuliza mtu gani, na mimi ningelazimika kusimulia mbele ya Wazungu na vijana wa kamba. Binti akafurahi kwa swali zuri. Akamshika mke wangu mkono wenye makunyanzi, akamjibu mwenyewe kwa Kiswahili.

"Hakuna kinachopotea humo, mama. Chote kipo, kimelala pale pale kilipotua."

Mke wangu alimshukuru. "Ndaga," alisema, tena na tena, "ndaga fijo." Machozi yalimtoka, na binti akadhani ni upepo wa ziwani, akampa karatasi laini ajifute.

Walipoanza kupakia mabomba kwenye gari, mke wangu aliniambia kwamba lile la upande wa mawe liachwe. Nikamwambia haiwezekani, yanakwenda kupimwa. Akaniuliza, yatarudi? Gari lilikuwa linaunguruma, mwenyekiti ananiita tupige picha, wageni wananisubiri.

"Watamrudisha," nikasema.

Nilimwacha na kitenge chake nikaenda kusimama kwenye picha.

Mwaka ule wote aliishi kama mwanamke anayengoja mgeni. Alipaka kuta udongo mweupe. Aliwatumia vijana wa jirani wakasafisha mahali pembeni mwa migomba, karibu na makaburi ya wazazi wangu, wakang'oa magugu wakasawazisha. Nilipouliza alisema panapendeza. Aliimba alipokuwa akichuma chai, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu tukiwa vijana, na mimi, Mungu anisamehe, niliifurahia sauti hiyo na kujiambia kwamba labda uongo wangu umetusaidia. Nilipitia njia nyingine kwenda shambani ili nisipaone pale mahali. Hata hivyo nilikuwa nikipaona. Ukipita mbali na mahali palipofagiliwa, unapaona zaidi.

Binti mtafiti alitimiza ahadi. Alirudi mvua za mwaka uliofuata zilipopungua, peke yake, kuja kukieleza kijiji majibu. Aliwaandalia chati kubwa ya rangi, akaibandika ubaoni katika darasa lile lile. Alionyesha pale ambapo mwani wa maji ya kina ulipungua na ule wa maji mafupi ukazidi, akasema hapo mvua zilikuwa haba kwa vizazi vingi na ziwa liliteremka sana. Akaonyesha pengine ambapo lilijaa tena. Alisema mabadiliko kama hayo yameonekana pia katika magamba ya bahari kuu, mbali kabisa na hapa, kama kwamba maji yote ya dunia yalikuwa na habari moja. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Jirani yangu akauliza kama wamesema lolote kuhusu mahindi yake.

Mke wangu akasimama. Alikuwa na kile kitenge. Akauliza kwa Kiswahili, polepole, kila neno akilishikilia:

"Mwanangu umekuja naye?"

Binti akatabasamu kwanza, kisha akaacha kutabasamu. Akanitazama. Darasa zima likanitazama.

"Mama anasema nini, baba?"

Niliwaambia. Nilisimama katikati ya madawati yale mafupi nikasema kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili kwamba neno nililowapa mwaka jana halikuwa neno sahihi, kwamba waliotafutwa ni magamba ya mwani, na kwamba kule ziwani nililigeuza swali la mke wangu. Hakuna aliyecheka. Binti alikaa chini kwenye kiti cha mwalimu. Mke wangu hakunitazama hata mara moja. Alimwuliza binti: lile tope la upande wa mawe liko wapi?

Angeweza kumdanganya. Mimi ningemdanganya. Alimwambia ukweli kwa sauti ndogo: walilikata vipande vyembamba, wakavikausha, vingine wakavichoma kwenye tanuri ili wapime kilichoungua, vingine wakavichemsha kwa dawa kali ili kila kitu kiyeyuke yabaki magamba tu. Akasema hamkuwa na mtu humo, mama, naapa, bomba ni jembamba kama mkono. Akasema angejua, asingeligusa.

Mke wangu alimpigia makofi madogo ya shukrani, kama tunavyofanya, kwa kuwa alijibiwa. Kisha akatoka.

Nilimkuta nyumbani akifunga nguo. Nilisema yote ambayo mtu husema. Aliniacha nimalize, akafunga fundo, akajaribu kama linashika.

"Mimi nilikupa neno moja tu unipelekee," akasema.

Alikwenda Isongole kwa kaka yake, kule juu kwenye viazi na baridi, ambako ziwa letu halionekani. Nilimfuata mara nyingi kwa bodaboda. Shemeji yangu alinipokea vizuri kila mara, akaniketisha, akaniletea chai na viazi vya kuchemsha, tukazungumza bei ya mbolea. Mke wangu alikuwa chumba cha pili. Nilisikia akikohoa. Aliongea na watoto wa kaka yake, hata akacheka nao, na nikiingia sauti ilikatika. Watoto wetu walikuja kutoka Mbeya kutupatanisha. Aliwaambia hana ugomvi na baba yao, ila hana la kumwambia ambalo angekuwa na hakika litafika.

Kifua kilimzidi msimu wa baridi wa mwaka jana, akafariki. Kwa desturi mke huzikwa kwa mumewe, na mimi nilikwenda na wazee wa ukoo kumwomba. Shemeji yangu alitutoa nje, akatueleza kwa upole kwamba dada yake aliacha neno: asiteremshwe. Wazee wangu walitaka kubishana. Nikawaambia waache.

Wanaulizana kijijini kama ninamlaumu yule binti na kazi yake. Simlaumu. Alichokisema kuhusu mvua za kale nakiamini, na hadubini yake ningeichungulia tena leo. Wala silaumu ziwa, ambalo lilimchukua binti yetu kabla wageni hawajafika. Ninachokijua ni hiki: nilikubali kuwa mkalimani kwa sababu nilipenda kuitwa msomi, na kwa hilo mke wangu aliacha kusema na mimi, akafa bila kusema na mimi, akazikwa Isongole katika shamba la kaka yake, ambako mimi siku ya mazishi nilikaa upande wa wageni.